Setilaiti ya kwanza ya chuo: anzeni na sauti, kamera itafuata

Babu yangu alikuwa mvuvi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ukisimama ufuoni kwetu siku ya kweupe unayaona majukwaa ya San Marco yamesimama baharini kwa miguu yao ya chuma. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kupima eksirei za nyota, na kwa kuwa Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru siku hiyo, ikaitwa Uhuru. Babu alisimulia jinsi walivyokatazwa kutoka na madau siku za kurusha, wakakaa mchangani kutazama moto ukipanda. Hakuna aliyewaeleza mle ndani mna nini.

Mimi nilikua na swali hilo, na leo ndilo linalonilisha. Ni mtaalamu wa maabara ya umeme katika chuo kimoja hapa Pwani, huu ni mwaka wa sita, na nimekaa na timu tatu za wanafunzi wakijenga setilaiti ndogo. Zetu bado ni mifano ya majaribio ya ardhini, hakuna iliyofika angani. Ninayoandika hapa ni yale ninayoiambia kila timu mpya tangu siku ya kwanza, pamoja na mambo mawili yaliyotugharimu miezi.

Kila timu hunijia na mchoro wenye kamera. Nami huwauliza: ikishatupwa huko juu, itawaambiaje kwamba iko hai? Kwa kawaida kimya hutanda. Setilaiti nyingi za kwanza za vyuo zilizoshindwa hazikuharibika kamera. Hazikusikika kabisa, au zilisikika siku mbili tatu zikanyamaza. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata njia ya sauti: umeme, redio, antena, na sikio la huku chini. Mengine yote yanakaa juu ya hayo.

Kifaa chenyewe

Mnachojenga kinaitwa kyubusati. Kipimo chake kilibuniwa mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari wa Cal Poly na Bob Twiggs wa Stanford, vyuo viwili vya Marekani, kwa ajili ya wanafunzi hasa: mche wa sentimita 10 kwa 10, urefu milimita 113.5, ukiwa na reli nne pembeni zinazoteleza ndani ya sanduku la kurushia. Uzito ulianza kuwa kilo 1, ukapanda hadi 1.33, na kanuni mpya zinaruhusu kilo 2. Atakayewarushia ana kitabu chake cha masharti. Chapeni hicho, kitundikeni ukutani, mkifuate kuliko chochote mtakachosoma kwingine, hata hapa.

Eneo letu halianzi sifuri. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyojengwa kwa ushirikiano na chuo cha Sapienza cha Roma, ilitupwa kutoka chumba cha Kibo katika Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. RWASAT-1 ya Rwanda ilifuata 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwishoni mwa 2022. Taifa-1 ya Kenya, ambayo ni ndefu mara tatu, ilipanda Aprili 2023. Nafasi iliyoipeleka 1KUNS-PF ni ya mpango wa KiboCUBE, unaoendeshwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya anga pamoja na shirika la anga la Japani, na ulibuniwa kwa taasisi za nchi kama zetu. Guatemala walipitia mlango huohuo na Quetzal-1, kisha wakaweka wazi michoro, programu na data za safari yao. Ipakueni kazi yao yote. Ipakueni pia ya mradi wa BIRDS wa taasisi ya teknolojia ya Kyushu, ambao ndio uliowalea wahandisi wa Uganda. Kusoma saketi ya setilaiti iliyokwisha kuruka kutawafaa kuliko kuchora yenu kutoka hewani.

Wiki mbili za kwanza: jengeni sikio

Msinunue hata skrubu moja ya setilaiti kabla hamjasikia setilaiti ya wengine kwa mikono yenu wenyewe.

Mnahitaji kipokezi cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta, kile cha RTL-SDR, ambacho ni kama dola 30 hadi 40. Antena mtaijenga: bomba la plastiki la maji, futi ya chuma ya fundi iliyokatwa vipande, na vibano vya mipira ya maji. Vyote vinapatikana kwa muuza vifaa vya ujenzi. Futi inafaa kwa sababu ni chuma chenye mrudisho, ukiikunja inarudi kunyooka yenyewe. Likumbukeni hilo, litarudi tukifika kwenye antena ya setilaiti. Kwangueni rangi mahali pa kulehemu, la sivyo risasi haishiki.

Kisha pandeni darini. Kituo cha Kimataifa cha Anga hutuma ujumbe mfupi wa redio za ridhaa, yaani za wapenzi wa redio wasiofanya biashara, kwenye megahezi 145.825. Tafuteni saa za kupita, elekezeni antena kwa mkono, fuateni. Mara ya kwanza mtakosa. Mara ya tatu mtasikia mkwaruzo mfupi unaojirudia, kisha programu itaufungua uwe maandishi. Nimewaona vijana wa mwaka wa pili wakitokwa na machozi kwa mistari miwili ya herufi, nami nawaelewa.

Zoezi hili linafundisha mambo ambayo darasani hayaingii. Moja ni muda. Setilaiti iliyotupwa kutoka kituo hicho, kilomita kama 400 juu, huizunguka dunia kwa dakika 92 hivi. Kwetu karibu na ikweta itapita mara nne au tano kwa siku, na zile za juu vya kutosha ni mbili tatu. Kila moja haizidi dakika kumi hivi, nusu yake iko chini karibu na minazi. Jingine ni kuteleza kwa masafa: kwenye megahezi 437 mtaisikia kilohezi 10 juu inapokuja na kilohezi 10 chini inapokwenda. Asiyefuata mteremko huo hasikii kitu, hata setilaiti ikipiga kelele.

Mkishazoea, kiungeni kituo chenu na SatNOGS, au TinyGS kama mtatumia redio za LoRa, zinazopeleka data kidogo mbali kwa nguvu ndogo. Ni mitandao ya wapenzi wa redio wanaosikiliziana duniani kote. Sikilizeni za wenzenu sasa, na siku yenu ikifika wao watasikiliza yenu ikiwa juu ya bahari ambako nyinyi hamfiki.

Barua ya masafa iandikwe mwezi wa kwanza

Nitalisema kwa ufupi maana halina utamu, ila limezuia miradi mingi. Masafa hamjichagulii. Maombi yanaanzia kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi, CA kwa Kenya, TCRA kwa Tanzania, nayo huyapeleka ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kule Geneva. Mkitaka masafa ya redio za ridhaa, kuna pia uratibu wa IARU, muungano wa kimataifa wa redio hizo, nao watauliza ni nani kwenu mwenye leseni ya redio. Basi wawili katika timu wasomee leseni hiyo mapema. Barua yetu moja ilikaa kwenye ofisi miezi minne bila kujibiwa kwa sababu tulieleza setilaiti kama mradi wa darasa. Tulipoiandika upya kama kituo cha redio, tukataja nguvu, upana wa masafa na namna ya kukizima kwa amri kutoka chini, ilisogea.

Hesabu mbili zinazofuta ndoto mbaya

Ya kwanza ni ya umeme. Upande mmoja wa setilaiti hubeba seli mbili za sola za daraja la anga, ambazo zikilitazama jua uso kwa uso hutoa kama wati 2.3. Lakini setilaiti inabiringika, seli zinapata joto, na katika kila mzunguko inakaa gizani kama dakika 35. Ukipiga wastani wa mzunguko mzima, panga matumizi yako kwa wati 1.5. Ikipatikana zaidi, ni baraka.

Sasa gawa. Kompyuta ya ndani iliyoandikiwa programu vizuri inakula wati 0.3. Kipokezi, ambacho hakizimwi kamwe, 0.2. Redio ikituma kwa nguvu ya wati 1 inavuta kama wati 3 kutoka betri. Ukiiacha itume mfululizo imekula mara mbili ya mapato yote. Ikituma sekunde moja kila sekunde 30, wastani wake ni 0.1 tu. Ule mlio mfupi wa kila nusu dakika, wenye jina la setilaiti, volti ya betri na joto, sisi maabarani tunauita salamu. Salamu ndiyo setilaiti yenu. Iandikeni kwanza kabla ya mstari mwingine wowote wa programu.

Hesabu ya pili ni ya data. Chukua dakika tano za kusikika vizuri, kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, ukitoa vichwa vya pakiti, yaani maelezo yanayotangulia kila fungu la data, na marudio, nusu inapotea. Zinabaki kilobaiti 180 hivi: picha ndogo tatu. Kwa biti 1,200 hupati hata picha moja. Timu ya kwanza ilikuja ikitaka video ya pwani kutoka Lamu hadi Vanga. Tulikaa na kikokotoo alasiri nzima, na jioni wakawa wamechagua wenyewe kazi nyingine: setilaiti ipokee vipimo vya kina cha maji kutoka vihisi vya ufukweni na kuvitema ikipita juu ya chuo. Kila kipimo ni baiti ishirini. Kazi hiyo inaingia kwenye bajeti na nafasi inabaki, na mvuvi yeyote ataelewa inamfaa nini.

Bodi mezani, na waya uliotudanganya

Msipange bodi ndani ya mwili mapema. Zitandazeni mezani zikiwa zimeunganishwa kwa waya, kila kitu kionekane na kifikike kwa ncha ya mita. Betri, bodi ya umeme, kompyuta, redio. Vipuri vya kujaribia mtavipata Luthuli mkiwa Nairobi, Kariakoo mkiwa Dar. Vya kuruka navyo agizeni kwa muuzaji mwenye hati za vipuri vyake, na muweke akiba ya muda: redio yetu ilizuiliwa kwenye ushuru wiki saba.

Timu ya pili ilikuwa na bodi mezani zinazofanya kazi vizuri ajabu. Salamu ilitoka kila sekunde 30, wiki tatu bila kukosa. Mkuu wa idara alialikwa aje kuona. Asubuhi ile kijana mmoja, kwa nia ya kupanga meza ipendeze, akachomoa waya wa USB uliokuwa ukienda kwenye laptopu. Salamu ikakatika. Taa ya kompyuta ya ndani ikawa inawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kama moyo unaohangaika.

Ilituchukua siku nne kuelewa. Kila mara redio ilipoanza kutuma, ilivuta umeme mwingi kwa ghafla, volti ikashuka, kompyuta ikajizima na kuanza upya. Na jambo la kwanza ililoamrishwa kufanya ikianza ni kutuma salamu. Kwa hiyo ikatuma, ikazimika, ikaanza, ikatuma. Wiki zote tatu waya wa USB ulikuwa ukiichangia umeme kimyakimya. Tulichokuwa tukikipima kilikuwa setilaiti pamoja na laptopu.

Dawa ilikuwa ndogo: njia ya shaba pana zaidi kwenda kwenye redio, kapasita kubwa, kipuri cha kuweka akiba ya umeme, karibu nayo, na programu inayosubiri dakika moja na kupima volti kabla ya kutuma chochote. Lakini tangu siku hiyo maabara ina sheria. Kila Ijumaa jioni waya zote zinatoka. Setilaiti inabaki na betri yake, paneli zake chini ya taa, na redio yake, hadi Jumatatu, huku taa ikizimwa kwa saa ya kutegea dakika 35 katika kila 92. Jumatatu tunasoma rekodi kupitia kituo cha ardhini, kwa redio. Hatusomi kwa waya, kwa maana angani hakuna waya.

Wekeni pia saketi ya mlinzi: kipuri cha pembeni kinachongoja kuguswa na kompyuta kila baada ya sekunde kadhaa, kisipoguswa kinakata umeme wote na kuuwasha tena. Mionzi ya angani hugeuza biti na kuzigandisha kompyuta. Mlinzi awe kipuri cha kujitegemea, msimwandike ndani ya programu ileile anayoilinda.

Antena, mshipi na friza ya shangazi

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo setilaiti nyingi zinapofia.

Antena ya megahezi 437 ina mikono miwili ya sentimita 17 kila mmoja, na setilaiti ina sentimita 10. Lazima ikunjwe, ifungwe, kisha ijifungue yenyewe baada ya kutupwa. Njia ya kawaida ni futi ileile ya chuma, iliyokunjwa kuzunguka mwili na kufungwa kwa mshipi, mshipi wa kuvulia samaki hasa, unaopita juu ya resista ndogo. Dakika 30 baada ya kutupwa, si kabla, maana ndivyo kanuni zinavyotaka, kompyuta inapeleka umeme kwenye resista, inapata moto, mshipi unayeyuka, antena inaruka.

Mezani ilifanya kazi mara ishirini mfululizo, kwa sekunde nne kila mara. Vijana wakataka tuendelee na mengine. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa baridi. Chemba ya ombwe hatuna, lakini shangazi yangu anauza samaki Kongowea na ana friza ya kulala inayofika digrii 17 chini ya sifuri. Akatusogezea vibua vyake upande mmoja. Tuliitia setilaiti ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa, pamoja na vijifuko vya silika ili unyevu usigande juu ya bodi, tukaacha saa nne, kisha tukatoa amri.

Nilikuwa nimefungua kifuniko kidogo nikimulika kwa tochi. Resista ilipata moto, mshipi ukalainika, ukaanza kuvutika. Ukawa mwembamba kama unywele, ukang'aa, lakini haukukatika. Sekunde nane zikaisha. Resista ikapoa, na ule uzi mwembamba ukagandia palepale, antena ikiwa imefungwa vilevile. Programu, kwa kuwa iliandikwa iamini kwamba sekunde nane zinatosha, ikasonga mbele na kuanza kutuma salamu kupitia antena iliyokunjwa. Mpokezi wetu aliyekuwa hatua tano hakupata kitu cha maana.

Tulirudi tukahesabu. Betri baridi ilikuwa imeshuka kutoka volti 3.9 hadi 3.3 resista ilipovuta, na kwa kuwa joto la resista hufuata mraba wa volti, karibu tatu ya kumi ya moto ilikuwa imetoweka. Mshipi wetu ulikuwa wa nailoni ya uzi mmoja, ambayo inahitaji zaidi ya digrii 200 kuyeyuka na huvutika kabla ya kukatika. Na programu haikuuliza kama kazi imefanyika.

Badilisheni hivi. Tumieni mshipi wa kusukwa wa polithini ngumu, ule ambao maduka ya vifaa vya uvuvi huuza kwa wavuvi wa samaki wakubwa. Unayeyuka karibu digrii 150, na hauvutiki. Wekeni resista mbili, kila moja na swichi yake, kwenye sehemu mbili tofauti za mshipi mmoja, ili yoyote ikifaulu antena ifunguke. Wekeni kiswichi kidogo kinachobonyezwa na antena ikiwa imekunjwa, kompyuta ipate kujua. Programu ipime joto na volti ya betri kwanza; ikiwa betri ni baridi mno, isubiri jua. Ikishindwa ijaribu resista ya pili, ikishindwa irudie kila mzunguko, siku zote za uhai wake, isikate tamaa. Na hata kiswichi kikisema imefunguka, ijaribu mara mbili zaidi baadaye, kwa maana viswichi navyo hudanganya.

Mshipi wa kusukwa una tatizo lake, unateleza, fundo linalegea likitikiswa. Hilo lilitatuliwa na ami yangu, ambaye bado anavua. Aliupitisha mshipi tunduni mara mbili, akausokota mizunguko saba mahali ambapo vijana walisokota minne, akaulowesha kabla ya kuukaza ili usijichome wenyewe kwa msuguano. Aliloweshea mate, sisi tunatumia spiriti. Juu ya fundo tone dogo la gundi ya epoksi. Tuliifunga setilaiti kwenye boda boda, ikaenda na kurudi barabara mbovu ya nyuma ya chuo, na fundo halikusogea. Boda boda si mbadala wa meza ya mtikisiko ambayo mrushaji ataidai. Lakini ilitulegezea skrubu mbili ambazo tusingezijua.

Friza tuliirudia mara kumi na mbili. Antena ilifunguka mara zote kumi na mbili, mara moja kati ya hizo kwa resista ya pili.

Mwili, gundi na chumvi ya Pwani

Mwili ni alumini, na reli zinataka usahihi wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Tafuteni karakana yenye mashine ya kompyuta na fundi mwenye subira, mkae naye siku nzima, msimtumie mchoro kwa simu. Reli zipigwe tabaka gumu la oksaidi ili zisigandiane na sanduku la kurushia.

Vitu vya kuepuka: waya zenye ganda la PVC, gundi za dukani, tepu nyeusi. Katika ombwe vinatoa mvuke unaokwenda kutua kwenye lenzi na seli za sola. Tumieni waya za tefloni na tepu ya Kapton. Kapasita zenye majimaji ndani msizipandishe. Lehemuni kwa bati lenye risasi, kwa sababu bati tupu huota nyuzi nyembamba zinazoweza kugusanisha miguu ya vipuri.

Betri za litiamu zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri, na hapa ardhini msiziache zikichaji usiku bila mtu. Tuna ndoo ya mchanga kando ya meza.

Na sisi wa Pwani tuna adui wetu. Viunganishi vyetu vya kwanza viliota ukijani kwa miezi miwili ya kusi, madirisha yakiwa wazi. Sasa kila kitu kinalala ndani ya makasha yaliyozibwa yenye silika. Seli za sola hushikwa kwa glavu, pembeni tu. Zinakatika kama papadi.

Kilima cha Kwale

Kabla ya kufunga mwili kwa mara ya mwisho, ipelekeni mbali. Tuliipandisha setilaiti Kwale, mlimani, nasi tukabaki na kituo juu ya dari Mombasa, kilomita kama 30 zilizo wazi machoni. Angani itakuwa kama kilomita 2,000 ikichomoza, kwa hiyo kati ya redio na antena tuliweka atenueta, kipuri kinachodhoofisha mawimbi, ya desibeli 37. Hiyo ndiyo tofauti ya umbali huo. Salamu ilikuja dhaifu lakini inasomeka, saba katika kila kumi. Amri zetu za kwenda zilifika mbili kati ya kumi. Kelele za umeme za setilaiti yenyewe zilikuwa zinaziba sikio lake. Tusingeligundua maabarani. Tuliweka kinga ya bati juu ya bodi ya umeme, tukarudi Jumamosi iliyofuata, zikafika tisa.

Watu

Mradi huchukua miaka miwili hadi mitatu, na mwanafunzi wa mwaka wa nne anaondoka. Timu ya kwanza ilihitimu Novemba, na Januari hakuna aliyejua kwa nini programu ya umeme ilikuwa na mstari wa kusubiri milisekunde 200. Tuliufuta. Bodi ikaungua.

Kwa hiyo kila kazi ina wawili, wa mwaka wa tatu na wa mwaka wa pili, na daftari la karatasi lenye tarehe linalobaki maabarani. Anayebadilisha kitu anaandika kwa nini. Mdogo ndiye anayelehemu, mkubwa ndiye anayemsimamia. Uchungu wa mkubwa kuachia pasi ya kulehemu naujua, lakini anayeondoka asiwe mwenye mikono pekee.

Siku ya kutupwa, jitayarisheni hivi

Pini nyekundu ya usalama ikishatolewa na sanduku likafungwa, hamtaigusa tena. Swichi za miguuni zinaizuia isiwake hadi itoke. Chajini betri mara ya mwisho kadiri mrushaji anavyoelekeza, andikeni volti, piga picha kila upande.

Wiki mbili kabla, tangazeni kwa wapenzi wa redio masafa yenu, kasi, na maana ya kila baiti ya salamu, pamoja na programu ndogo ya kuifungua. Yeyote duniani atakayeisikia aweze kuwaambia betri ina volti ngapi. Kuna uwezekano mkubwa habari ya kwanza ya uhai isitoke kwenye dari lenu.

Siku za kwanza hamtajua ipi ni yenu. Setilaiti zilizotupwa pamoja husafiri karibu karibu, na rada huzipa namba bila kujua majina. Rekodini kila mpito mzima, dakika kumi kabla na kumi baada, hata kama skrini haionyeshi kitu, na mwekeni mtu wa zamu usiku. Mkipata hata mkwaruzo mmoja, mteremko wa masafa yake mtaulinganisha na njia za namba zile moja moja. Unaolingana ndio wenu. Faili za siku ambazo hamkusikia kitu zihifadhini pia, kwenye diski mbili, zikiwa na saa sahihi ya dunia, kwa sababu mkishajua njia yake halisi mtazirudia kuzisikiliza.